Koaksia au Itheneti: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kutandaza Kebo za Nyumba Nairobi

Ukuta wa mawe ya Ndarugo ukishapigwa plasta na kupakwa rangi, kebo iliyosahaulika haina njia nyingine ila kupita juu ya ukuta ndani ya tranki (mfereji wa plastiki), au kuzungushwa nje ya jengo hadi dirishani. Uamuzi kuhusu koaksia na itheneti hufanywa wakati mafundi wa umeme wanapochimba njia za paipu. Aufanye mwenye nyumba mwenyewe, akiwa na ramani na kalamu. Akimwachia fundi wa dishi siku ya kuhamia, atapata kebo moja ya TV sebuleni na basi.

Mwongozo huu unalenga fleti ya vyumba vitatu vya kulala, ya aina inayojengwa Kilimani, South B au Kasarani, na pia nyumba ya kujitegemea yenye ua na geti. Duka au ofisi ndogo hufuata kanuni zilezile.

Kila kebo na kazi yake

Koaksia ina waya mmoja katikati, umezungukwa na povu la plastiki, kisha karatasi ya alumini, kisha wavu wa nyaya nyembamba, kisha ganda. Umbo hilo hubeba mawimbi ya redio ya kasi kubwa bila kuyavujisha nje wala kuruhusu kelele ya nje iingie. LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi la DStv, hushusha mawimbi ya setilaiti hadi kati ya megahezi 950 na 2150, kisha huyateremsha kwa koaksia hadi kwenye dikoda. Kebo hiyohiyo hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kutoka kwenye dikoda kwenda kwa LNB, na kwa volti hizo dikoda huchagua upande wa mawimbi inaoutaka. Antena ya kawaida ya juu ya paa, kama ile ya GOtv, hutumia masafa ya chini zaidi, kuanzia megahezi 470, na yenyewe pia inahitaji koaksia.

Itheneti ina nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne. Hubeba data kwa pande mbili kwa wakati mmoja, megabiti 1000 kwa sekunde au zaidi, na inaweza kulisha umeme kamera, simu ya mezani au kifaa cha waifai kwa waya huohuo. Huo ndio mfumo unaoitwa PoE.

Kwa hiyo, kwenye kila tundu la ukuta, jiulize kitakachochomekwa pale. Dikoda ya dishi au antena inataka koaksia, na hakuna kebo ya itheneti itakayoshika nafasi hiyo. Kompyuta, TV ya intaneti, kifaa cha waifai, kamera ya IP, printa na mashine ya michezo vyote vinataka itheneti.

Na intaneti yenyewe? Nyumba nyingi za Nairobi leo huipata kwa faiba, iwe ya Safaricom, ya Zuku au ya huduma iitwayo Faiba. Waya wa faiba hukomea kwenye kifaa kidogo cha mtoa huduma, na kuanzia hapo kwenda mbele ni itheneti. Zuku ilianza kwa kutandaza koaksia katika mitaa mingi ya jiji, na zipo nyumba ambazo kebo hiyo bado imo ukutani. Hata humo, koaksia huishia kwenye modemu, na kutoka modemu hadi vifaani ni itheneti.

Msimamo wetu ni huu: kila chumba kipate walau itheneti moja, sebule mbili au zaidi, na koaksia iende tu pale ambapo dikoda itakaa kwa hakika. Kama fedha inatosha aina moja tu, weka itheneti, lakini paipu ya koaksia ichimbwe na iachwe na kamba ndani. Paipu tupu ni bei ndogo sana ukilinganisha na kubomoa ukuta baadaye.

Daraja gani la itheneti

Cat5e hubeba gigabiti moja hadi mita 100, na kwa fleti inatosha. Cat6 hubeba gigabiti moja kwa umbali huohuo, na gigabiti 10 hadi mita 55 hivi, umbali ambao fleti haifikii. Cat6A hubeba gigabiti 10 hadi mita 100 kamili, ila ni nene, ngumu kupinda, na hujaza paipu upesi. Kwa nyumba tunashauri Cat6 isiyo na kinga ya karatasi, yenye nyaya za shaba tupu zisizo za nyuzinyuzi. Kebo yenye kinga inahitaji kinga hiyo iungwe na ardhi kwa viunganishi vyake maalumu. Isipoungwa, inaweza kuokota kelele badala ya kuizuia, na katika nyumba ya kawaida haikupi faida yoyote.

Mita 100 hizo ni kutoka kifaa hadi kifaa: mita 90 za kebo ya ukutani na mita 10 za kebo fupi za pande mbili. Fleti haifiki huko. Kiwanja chenye geti la mbali kinaweza kufika, kwa sababu kebo haipiti hewani bali hufuata ukuta, hupanda na kushuka.

Daraja gani la koaksia

Nunua RG6 ya omu 75. RG59 nayo ni ya omu 75 lakini ni nyembamba, na kwa masafa ya dishi hupoteza nguvu mapema. Nafasi yake ni kwenye kamera za analogi zenye viunganishi vya BNC. RG58 ni ya omu 50, kwa redio na kwa mitandao ya zamani ya ofisi. Itheneti ilipobuniwa katika maabara ya Xerox PARC mwaka 1973 ilipita kwenye koaksia, na majengo ya zamani ya katikati ya jiji huenda bado yana masalio ya nyaya hizo. Usiyaunge kwenye TV: tofauti ya omu 50 na 75 hurudisha sehemu ya mawimbi nyuma, na picha hukatikakatika hata mita ya dikoda ikionyesha nguvu ya kutosha.

RG6 nzuri hupoteza takribani desibeli 20 kwa kila mita 100 kwenye megahezi 1000, na zaidi ya 30 kwenye megahezi 2150. Ndiyo maana kebo ndefu huanza kukosa baadhi ya chaneli huku nyingine zikiendelea: zile zilizo juu ya masafa ndizo huondoka kwanza.

Kebo bandia, na jinsi ya kuitambua kabla ya kulipa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Luthuli Avenue na River Road utapata maboksi mawili ya Cat6 yanayofanana kwa rangi na maandishi, na bei ya moja ni nusu ya jingine. La bei ya chini mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa shida zaidi, huvunjika ikipindwa mara chache, na hulegea ndani ya jeki (tundu la itheneti la ukutani) baada ya muda kwa sababu ni laini. Kwa data ya umbali mfupi itafanya kazi mwaka wa kwanza, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Ukiipitishia PoE, volti hushuka njiani na kebo hupata joto. Kamera itawaka mchana vizuri, kisha usiku taa zake za kuonea gizani zikiwaka na kudai umeme zaidi, inazima na kujiwasha upya hadi asubuhi.

Vipimo vinne, kuanzia kilicho rahisi:

Kwanza, kwaruza waya mmoja kwa wembe. Ukiona nyeupe ya fedha chini ya rangi ya shaba, rudisha.

Pili, pinda waya huohuo huku na huku mahali pamoja. Shaba huvumilia, alumini hukatika upesi.

Tatu, inua boksi. Boksi kamili la Cat6 lina mita 305, na shaba peke yake katika kebo ya unene wa AWG 23 (kipimo ambacho namba kubwa ni waya mwembamba) huzidi kilo 5.5 kabla ya kuhesabu plastiki na katoni. La alumini utalihisi jepesi mkononi.

Nne, na hiki ndicho cha uhakika zaidi, tumia multimita, ile mita ndogo ya fundi ya kupimia omu. Chukua kipande cha mita 50, unganisha nyaya mbili za jozi moja kwenye ncha ya mbali, kisha pima omu kwenye ncha uliyonayo. Shaba ya AWG 23 hutoa karibu 6.7, na ya AWG 24 karibu 8.4. Ukipata zaidi ya 10, kebo ni alumini au ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Kumbuka kutoa omu za waya za mita yenyewe, ambazo unazipata kwa kugusanisha ncha zake.

Angalia pia namba za mita zilizochapwa kwenye ganda. Namba ya mwanzo ukitoa ya mwisho inapaswa kuwa 305. Maboksi pungufu yapo.

Kwa RG6 hesabu ni tofauti, na wengi huchanganya mambo haya mawili. Waya wa katikati wa RG6 nyingi ni chuma kilichopakwa shaba, na si udanganyifu. Mawimbi ya kasi kubwa hupita kwenye ngozi ya nje ya waya, kwa hiyo shaba ya juu inatosha. Tatizo huja kwa umeme wa LNB, ambao hupita waya mzima: kebo ikiwa ndefu, tuseme dishi liko paa la ghorofa ya nane nawe unaishi ya pili, volti 18 hufika zimepungua na LNB hubaki kwenye upande mmoja wa mawimbi, chaneli nusu zikipotea. Kwa njia inayozidi mita 30, lipia RG6 yenye waya wa katikati wa shaba tupu. Sumaku ndogo inatosha kukuonyesha, kwa kuwa hunata kwenye chuma na hainati kwenye shaba.

Kupanga na kuhesabu

Chagua mahali pamoja pa kukusanyia kebo zote. Katika fleti, pazuri ni kwenye korido karibu na mlango, juu au kando ya sanduku la fyuzi lakini sentimita 30 mbali nalo. Weka hapo kisanduku cha ukutani chenye matundu ya hewa, na soketi mbili za umeme ndani yake. Sehemu ya volti 240 ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati.

Mfano wa fleti ya vyumba vitatu, umbali ukipimwa kwa kufuata njia ya paipu: sebule itheneti mbili za mita 11, chumba kikuu moja ya mita 14, cha pili mita 10, cha tatu mita 12, kifaa cha waifai kwenye dari ya korido mita 6, kamera ya mlangoni mita 5, na kamera ya roshani mita 15. Jumla ni njia nane na mita 84. Ongeza mita 2 upande wa kisanduku na nusu mita upande wa tundu kwa kila njia, yaani mita 20, kisha asilimia 10 ya akiba. Unafika mita 115 hivi. Boksi la mita 305 ni kubwa mno kwa fleti moja, basi nunua kwa mita kwenye duka linaloruhusu kupima, au gawana boksi na jirani anayejenga.

Koaksia: njia mbili kutoka paa hadi kisandukuni za mita 22 kila moja, mbili kutoka kisanduku hadi sebuleni za mita 11, na moja hadi chumba kikuu ya mita 14. Ni mita 80. Ukiongeza mita moja na nusu kwa kila njia na asilimia 10, roli moja la mita 100 linatosha, ila chupuchupu.

Vingine vya kununua: paneli ya matundu 12 ya kupigilia nyaya, jeki tano za Cat6 kwa vyumbani, plagi za itheneti za RJ45 kumi (kamera mbili na kifaa cha dari zinahitaji tatu, nyingine ni za kuharibu), viunganishi vya koaksia vya F vya kubana kwa koleo, kumi na vinne ingawa kazi inahitaji kumi, na swichi ya mtandao (kifaa cha kuunganisha kebo zote za itheneti) ya gigabiti yenye PoE. Kwenye swichi, hesabu matundu vizuri. Njia nane pamoja na waya wa rauta ni tisa, kwa hiyo swichi ya matundu manane haitoshi, isipokuwa njia moja uichomeke moja kwa moja kwenye rauta. Kamera hula wati 5 hadi 8, kifaa cha waifai kama 12, basi swichi inayotoa jumla ya wati 60 kwa PoE ina nafasi ya kupumua.

Kwa nini kifaa cha waifai dari ya korido? Kuta za mawe na slabu ya zege humeza mawimbi ya gigahezi 5. Rauta iliyowekwa nyuma ya TV sebuleni, mahali ambapo mafundi wa faiba hupendelea kwa kuwa ni karibu na dirisha, haifiki chumba cha nyuma. Kwa sababu hiyohiyo acha paipu moja tupu ya milimita 20 kutoka kwenye dakti ya jengo hadi kisandukuni, umwelekeze fundi wa faiba apite humo. Akifika akakuta njia iko tayari, hatakataa.

Paipu

Paipu ya PVC ya milimita 20 inabeba Cat6 tatu au RG6 mbili. Ya milimita 25 inabeba Cat6 tano au RG6 tatu. Utaona nafasi imebaki na utashawishika kuongeza. Usiongeze, kwa sababu msuguano kwenye kona ya pili utakufanya uvute kwa nguvu hadi jozi zijinyooshe ndani ya ganda, na kebo iliyonyooka hivyo haitengenezeki.

Kona zipindwe kwa springi, ziwe za mduara mpana. Kiungo cha nyuzi 90 cha duka la mabomba ya maji hakifai kwa kebo. Kona zisizidi mbili kabla ya kuweka boksi la kuvutia. Kila paipu iachwe na waya wa kuvutia au kamba ya nailoni, hata ile ambayo kebo yake imeshapita.

Paipu ya data isichangie njia na waya wa volti 240. Zikienda sambamba, ziachane sentimita 20 au zaidi. Zikikutana, zipishane kwa msalaba. Kuweka umeme na data ndani ya paipu moja ni hatari ya maisha: ganda la waya wa umeme likichubuka, volti 240 hufika kwenye jeki ambayo mtoto hugusa.

Nyumba ya kupanga? Tumia tranki ya plastiki pembeni mwa sakafu na umwombe mwenye nyumba ruhusa ya tundu moja la milimita 10 kati ya vyumba. Hatua nyingine hazibadiliki.

Kuvuta na kufunga itheneti

1. Andika namba kwenye ncha zote mbili za kila kebo kabla ya kuvuta. Tumia kalamu ya wino usiofutika, na uandike mahali pawili, sentimita 10 na sentimita 60 kutoka nchani, maana ya kwanza utaikata.

2. Vuteni watu wawili, mmoja akisukuma na mwingine akivuta taratibu. Kikomo cha Cat6 ni kama uzito wa kilo 11. Ikigoma, rudisha nyuma kidogo, usitumie mwili.

3. Usiipinde kwa mduara mdogo kuliko nusu kipenyo cha sentimita 2.5. Fungia kwa velkro. Utepe wa plastiki uliokazwa hadi ganda likabonyea hubana jozi pamoja na kuziharibu.

4. Menya ganda sentimita 3. Kagua nyaya: ukiona chale ya kisu kwenye plastiki ya waya wowote, kata uanze upya.

5. Fuata mpangilio wa T568B ncha zote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. T568A nayo ni halali, bali nyumba nzima iwe na mmoja.

6. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Msokoto ndio unaozuia jozi moja kuingilia nyingine. Fundi anayefumua sentimita 4 ili apange rangi kwa urahisi huharibu Cat6 aliyoilipia.

7. Kwenye plagi, ganda lenyewe liingie ndani na kubanwa na kikucha cha nyuma. Kwenye jeki, pigilia kwa kifaa chake. Bisibisi hupanua meno ya jeki na waya hulegea.

Katika kila tundu, kebo ya ukutani iishie kwenye jeki, na kifaa kiungwe kwa kebo fupi laini. Kebo ya ukutani ina waya mmoja mgumu, haipendi kuchomolewa na kuchomekwa. Kamera na kifaa cha dari ndizo pekee zinazofungiwa plagi moja kwa moja.

Kufunga koaksia

Viunganishi vya F vipo vya kuzungusha kwa mkono, vya kubinya, na vya kubana kwa koleo. Chukua vya kubana. Vile vya kuzungusha hulegea, huingiza maji, na ni chanzo kikubwa cha ule ujumbe wa hakuna mawimbi kila mvua za Machi hadi Mei zinapoanza.

Menya kwa kifaa chenye visu viwili: waya wa katikati uonekane milimita 6, kisha wavu milimita 6. Kunja wavu nyuma juu ya ganda, ila karatasi ya alumini iache imeshikamana na povu. Hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa wavu unaogusa waya wa katikati, kwa sababu mguso huo hufanya umeme wa LNB upige shoti na dikoda inaweza kuungua. Sukuma hadi povu jeupe lilingane na sakafu ya kiunganishi, na waya wa katikati utokeze milimita 2 hivi kupita ukingo. Mfupi haugusi, mrefu hupanua tundu la dikoda.

Nje ya nyumba, kebo ishuke kidogo chini ya tundu la ukuta kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondoke pale chini yasiifuate hadi ndani. Viunganishi vya juani vifunikwe kwa mpira wake. Nguzo ya dishi na wavu wa kebo viungwe na ardhi ya jengo.

Kugawa mawimbi ya dishi ni jambo linalokosewa sana. Dikoda huchagua upande wa mawimbi kwa volti: 13 au 18. Ukiunga dikoda mbili kwenye LNB moja kwa splita ya kawaida, moja ikiomba 13 na nyingine 18, zinagombana na chaneli za mmoja hutoweka mwenzake anapobadilisha. Kinachotakiwa ni LNB yenye matundu mengi, LNB ya kisasa ya waya mmoja inayolingana na dikoda zako, au maltiswichi, ambayo ndiyo hutumika kwenye majengo yenye dishi moja la wapangaji wote. Kwa antena ya kawaida, splita ni sawa, ila ya njia mbili hula desibeli 3.5 kila upande na ya njia nne hula 7. Tundu lisilotumika lizibwe kwa kizibo cha omu 75.

Nyumba ambayo koaksia tayari imo ukutani

Usiing'oe. Kuna vifaa vinavyoitwa MoCA, kimoja kila ncha, vinavyopitisha itheneti ndani ya koaksia. Toleo la 2.5 linaweza kufikia gigabiti 2.5, na kwa kweli ni bora sana kuliko kurudia mawimbi ya waifai kupitia kuta tatu. Ila vinatumia masafa ya megahezi 1125 hadi 1675, yaani katikati kabisa ya masafa ya dishi. Koaksia inayobeba mawimbi ya DStv haiwezi kubeba MoCA kwa wakati mmoja. Ile ya antena ya kawaida inaweza, mradi splita zake ziwe za masafa hayo. Kwenye kebo ya modemu ya mtoa huduma, weka kichujio mwanzoni ili data yako isitoke hadi kwa jirani. Kabla ya kununua vifaa hivyo, jaribu kuvuta: funga Cat6 kwenye mkia wa koaksia ya zamani. Kama ilipigwa ndani ya paipu, huenda ikateleza na kuivuta mpya nyuma yake.

Kamera na geti

Kama kuna koaksia ya kamera za zamani za analogi, unaweza kubakisha kebo hiyo na kuweka kamera za analogi za HD, ambazo hufika mita mia kadhaa kwa koaksia nzuri. Kwa kazi mpya, weka Cat6 na kamera za PoE. Nje tumia kebo yenye ganda jeusi linalostahimili jua, na ya kuzikwa iwe ile yenye jeli ndani. Kebo ya ndani ya rangi ya kijivu au buluu hupasuka kwa jua la Nairobi.

Geti likiwa mbali, au kebo ikienda jengo lingine lenye waya wake wa ardhi, tunapendekeza faiba kati ya majengo. Radi ikipiga karibu, ardhi za majengo mawili hutofautiana kwa volti nyingi, na waya wa shaba hugeuka njia ya kuzisawazisha kupitia swichi yako. Faiba ni kioo, haina njia hiyo.

Kupima kabla ya plasta na baada yake

Testa ya taa nane huonyesha tu kwamba waya wa kwanza umefika kwa wa kwanza. Haioni jozi zilizochanganywa, pale fundi alipopanga rangi kwa mfululizo wake mwenyewe, ncha zote zikifanana. Taa zitawaka zote, na mtandao utasuasua. Kipimo cha kweli ni kuchomeka kompyuta na swichi za gigabiti pande mbili na kusoma kasi ya muunganisho. Ikisema megabiti 100 badala ya 1000, kwa kawaida moja ya nyaya za namba 4, 5, 7 au 8 haigusi, kwa sababu megabiti 100 inahitaji 1, 2, 3 na 6 tu. Fungua jeki, pigilia upya upande wa chumbani kwanza. Kisha hamisha faili kubwa kwa dakika kumi uone kama kasi inashuka.

Koaksia ipime kwa omu ncha zikiwa hazijaungwa popote: kati ya waya wa katikati na wavu kusiwe na njia kabisa. Kisha viunganishe hivyo viwili kwenye ncha ya mbali, na mita isome omu chache tu.

Pima mara mbili, kebo zikiwa ndani ya paipu kabla ya plasta, na tena baada ya rangi, maana misumari ya wapaka plasta na ya mafundi wa makabati hupenya paipu. Piga picha kila ukuta ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana. Karatasi ya namba za njia ibandikwe ndani ya mlango wa kisanduku, na salio la fundi lilipwe njia zote nane zikisoma 1000.